Posa za Mwinyi

Mwatumu na yule farasi walijuana kwa sababu ya samadi.

Mwatumu alikuwa mkulima wa mboga. Alikodi kipande cha shamba huko Rietpan, kusini mwa Johannesburg, ukishapita Eikenhof na kuiacha barabara ya lami, na humo akapanda mchicha, bamia, matembele na kunde, mboga ambazo Watanzania na Wakongo wa Yeoville na Hillbrow walikuwa wakizililia tangu wahamie nchi hii. Udongo wa Rietpan ni mwekundu na mgumu, haukupi kitu mpaka uulishe. Kwa hiyo kila wiki alikwenda na bakkie yake, kigari chake cha mizigo kilichochoka, hadi shamba jirani la farasi, akazoa samadi.

Shamba lile lilikuwa la Bibi Hattingh, mwanamke mzee wa Kikaburu aliyerithi farasi kutoka kwa baba yake, na baba yake kutoka kwa babu. Wilaya nzima ya Rietpan ilikatwa mashamba ya farasi enzi za Waingereza, na desturi moja ya enzi hizo ilikuwa haijafa. Kila Septemba, baridi ikishalegea, chama cha wafugaji kiliitisha siku ya madume. Siku hiyo wenye farasi dume waliwaleta uwanjani wakawatembeza mbele ya wenye majike, na kila mwenye jike akachagua dume wa kumpandia kwa msimu ule. Zamani walikuwa Wazungu watupu. Siku hizi walikuwapo Wasotho, Wazulu na Wahindi wa Lenasia, kila mtu na farasi wake na maneno yake. Mswahili ndiye hakuwahi kuonekana.

Aliyemjazia Mwatumu samadi ile alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, wa Bibi Hattingh, Mkongo wa Bukavu aitwaye Évariste, mtu mrefu, mpole, asiyependa haraka. Mwatumu alimwita Baba Murielle kwa jina la binti yake. Kiswahili chao kiligongana mara nyingi. Siku ya kwanza Évariste alimwonyesha farasi aliyefungiwa peke yake mwisho wa mabanda, akasema, "Ile nyama iko mubaya," na Mwatumu akadhani kuna nyama imeoza mahali. Ikabidi Évariste amweleze kuwa kwao mnyama huitwa nyama, na kwamba mnyama yule alishawahi kumng'ata bega akalazwa hospitali.

Alikuwa dume wa rangi ya kahawia iliyoiva kama halua, singa nyeusi tititi, na baka jeupe kwenye paji la uso. Jina lake lilikuwa Donder, yaani radi kwa Kikaburu. Walimfungia kwa sababu ni mkali, na kadiri walivyomfungia ndivyo ukali ulivyozidi. Mwatumu hakujua lolote kuhusu farasi, ila alijua kutazama. Aliona jinsi mnyama yule alivyosimama nyuma ya ubao, kichwa juu, kama mwenye mji aliyenyang'anywa mji wake. Akamwita Mwinyi. Akawa anamletea karoti na majani ya matembele yaliyokatika, anamwekea ukingoni, anarudi kwenye koleo lake, na huku anazoa anaimba kasida alizojifunza madrasa kule Tanga. Wiki zilivyokwenda, Mwinyi akawa anaitambua bakkie kwa mlio. Alianza kulia kabla haijafika getini. Évariste alisimama akashangaa, kwa sababu farasi yule hakuwahi kumlilia mtu.

Kisha Bibi Hattingh akazeeka kweli. Binti yake alimwita akaishi naye Cape, na shamba likauzwa. Farasi wengine wote walipata wateja. Donder hakupata. Évariste alimpa Mwatumu habari ile huku wakipakia samadi ya mwisho: lori la mnunuzi wa nyama ya kulishia mbwa lingekuja Jumatatu.

Mwatumu aliliweka koleo chini. Alivuka ua vile vile alivyokuwa, mtandio kichwani na buti za mpira zimejaa matope, akagonga mlango wa nyumba kubwa. Bibi Hattingh alimtazama kutoka juu hadi chini akamuuliza kama anajua anachoomba. Mwatumu akajibu kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba yeye hajui, lakini Évariste anajua, na Évariste naye kuanzia wiki ijayo hana kazi. Mama wa watu akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi amchukue, mradi amwondoe kabla ya hilo lori.

Kazi ilikuwa nyumbani. Mumewe Nassir, Mzanzibari, alikuwa fundi wa friji mwenye banda la kazi Hillbrow, na wawili hao waliishi Observatory, kwenye nyumba ndogo ya uani upande wa mlimani. Nassir alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mke wangu," alisema, "watu hufuga kuku."

Mwatumu akamweleza alivyokuwa amefikiri. Farasi dume mzuri hafugwi kwa mapambo, huwekwa apande majike, na wilaya nzima humjia. Damu ya Mwinyi ilikuwa nzuri, hata waliomchukia walikubali hivyo. Nassir akamuuliza ni nani atakayempeleka binti yake kwa bwana harusi anayeng'ata. Hata hivyo, Jumapili Mwinyi alikuwa shambani kwa Mwatumu.

Alishushwa kwenye lori la kukodi amefungwa kitambaa machoni, ubao wa ubavuni ameupasua kwa mateke. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kutisha. Alikimbia kando ya uzio mpaka akachora njia kwenye majani, na yeyote aliyekaribia alionyeshwa meno. Évariste, sasa mfanyakazi wa Mwatumu, aliingia kumlisha kila siku, lakini kabla ya kufungua mlango alilishika bega lake lile kwanza, kama mtu anayekagua kama lipo.

Aliyeanza kubadilisha mambo alikuwa mbuzi. Mwatumu alikuwa na mbuzi jike mmoja, mwizi wa mboga asiyeshikika, na asubuhi moja alipenya chini ya uzio akaingia kwa Mwinyi. Mwatumu alipoona alijua kilichobaki ni kuzika. Alipofika alimkuta Mwinyi amelala chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na mbuzi amesimama kichwani pake akitafuna singa zake. Évariste aliegemea uzio. Akasema miaka yote ile walikuwa wanasema mnyama ni mbaya, kumbe alikuwa peke yake tu.

Tangu siku ile mbuzi akahamia kwa farasi, na kazi ya kweli ikaanza. Évariste alifundisha kwa kamba mbili. Kamba ya buluu ilikuwa ya matembezi. Akivishwa hiyo, hakuna jike wala kelele, ni kutembea na kusimama tu. Hatamu ya ngozi yenye chuma ilikuwa ya kazi yenyewe, ya harusi, na hiyo ilitundikwa msumarini ingoje. Mwatumu alijifunza kutembea begani kwa farasi badala ya mbele yake. Alijifunza kumzungusha duara dogo anapopandisha hasira, maana farasi anayegeuka hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma. Walimpitisha karibu na majike wa jirani, Tau Mokoena, Msotho mwenye mkokoteni wa kukusanya vyuma chakavu, ambaye kati ya majike hao alikuwa na mmoja wa kijivu aliyeshinda mbio nyingi za Jumapili. Mwanzoni Mwinyi alipiga kelele mpaka mbwa wa wilaya nzima wakajibu. Baadaye akawa anapita akikunja shingo na kupuliza pua tu, na Mokoena, mtu wa maneno machache, akamwonyesha Mwatumu kidole gumba akasema, "Sharp."

Mwatumu akapeleka jina la Mwinyi kwenye chama. Mwenyekiti, Kobus Steyn, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na kumbukumbu. Donder aliwahi kuvunja uzio akamjeruhi jike wake. Mbele ya mkutano wote alisema kwamba hawezi kumkataa mtu kwa sababu ya atokako, ila farasi atapimwa kama wengine wote: ataingia uwanjani na madume wenzake, atatembezwa mbele ya majike, atasimama akainuliwa kwato zote nne. Akishindwa, sheria ya chama ni kwamba ahasiwe au aondoke Rietpan. Nyuma ya ukumbi mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mama huyu angebaki na mchicha wake. Wachache walicheka. Mwatumu aliwatazama waliocheka, akazikariri nyuso zao.

Siku ya madume ikaangukia Jumamosi yenye upepo mkavu, ule unaobeba vumbi la machimbo. Uwanja ulijaa magari ya kuvuta farasi, mahema, na akina mama wauza magwinya, maandazi ya huko. Mwinyi alikataa kupanda gari mpaka mbuzi atangulie, kwa hiyo wakafika na mbuzi, na kila waliyempita alilisema hilo. Nassir alifunga banda lake la friji akaja na kanzu nyeupe na kofia, akasimama kwenye uzio. Alisema amekuja kuhakikisha tu kwamba mkewe harudishwi kwenye machela.

Évariste ndiye aliyekuwa amshike Mwinyi. Alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi, koti na tai ya kanisani. Walingoja zamu yao nje ya lango la uwanja, na ndani majike walikuwa wamepangwa upande mmoja, upepo unaleta harufu yao moja kwa moja. Mwinyi akainua kichwa. Akaanza kutetemeka ngozi. Akasimama kwa miguu ya nyuma mara moja, akashuka, akasimama tena. Mwatumu alimtazama Évariste na kuona uso wake umekuwa wa kijivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kamba, wa kushoto umekwenda wenyewe begani.

Évariste akamgeukia. "Mama, hii nyama inasikia mukono yangu," alisema polepole. "Mukono yangu inamuambia niko naogopa. Shika wewe."

Hakusema kwa aibu. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi, na Mwatumu baadaye aliwaambia watu kwamba ule ndio ulikuwa ushujaa wa kwanza wa siku ile. Alipokea kamba ya buluu. Lango likafunguliwa. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri.

Waliingia madume watatu kwa pamoja. Wa mbele alikuwa Kaptein, fahari ya Kobus Steyn, farasi mweusi mkubwa aliyezaa nusu ya farasi wa wilaya, na Steyn mwenyewe amemshika. Wa kati alikuwa dume mdogo wa Muhindi mmoja wa Lenasia. Wa mwisho Mwinyi, na pembeni yake mwanamke mfupi mwenye mtandio wa zambarau na buti za mpira. Minong'ono ilimpitia Mwatumu kama upepo wenyewe. Kasida hazikumjia. Basi akaanza kumsema Mwinyi kwa sauti ya chini, kama anavyomsema mtu wa nyumbani, kwamba asimwaibishe mbele za watu, kwamba mumewe yuko pale na kanzu yake safi, kwamba matembele yote aliyokula si ya bure. Sikio moja la Mwinyi likageuka upande wake. Likabaki hapo. Wakaanza kutembea.

Walizunguka vizuri. Walipita mbele ya majike, na Mwinyi akakunja shingo, akapuliza pua, akaendelea.

Ndipo upepo ulipong'oa hema la wauza chai. Turubai liliinuka na kupiga kelele kama mlipuko, likaanguka juu ya uzio karibu na Kaptein. Farasi mweusi aliruka pembeni, ndoano ya kamba yake ikakatika, na Steyn akaanguka kifudifudi. Kaptein alijikuta huru katikati ya uwanja. Alizunguka mara moja, akaona dume mwenzake, akaja.

Watu walikimbilia uzio. Yule Muhindi alimtoa dume wake langoni. Mwatumu alibaki peke yake na Mwinyi, na Mwinyi sasa alijua kinachokuja. Mwili wake wote ulikaza kama kamba iliyovutwa, na kifuani mwake ukatoka mlio ambao Mwatumu hakuwahi kuusikia. Mtu yeyote mwenye akili angeiachia kamba. Mwatumu alijua pia kwamba akiiachia, madume wale watauana, na atakayelaumiwa ni yule mwenye jina baya.

"Mwinyi," alisema. "Nitazame mimi."

Akamgeuza. Alimwekea bega kwenye bega, akakivuta kichwa kile kikubwa upande wake, akamzungusha duara dogo kama walivyofanya kila siku kwenye mchicha, akageuka naye tena na tena. Kila Mwinyi alipotaka kuinuka, duara lilimshusha. Vumbi lilimwingia machoni. Alisikia kwato za Kaptein zikija, ardhi ikitikisika chini ya buti zake, akawa anasoma dua huku anageuka.

Kwato zile hazikufika. Alipopata mwanya wa kutazama alimwona Évariste. Alikuwa ameruka uzio na tai yake ya kanisani, amevua koti, na alikuwa amesimama mikono wazi katikati ya njia ya farasi mweusi, akilipunga lile koti na kumkaripia kwa Kifaransa. Kaptein alisimama ghafla, akakita kwato, akapinda kushoto. Évariste akapinda naye. Akapinda kulia, Évariste yupo. Kisha yule saisi aliyekabidhi kamba kwa hofu muda mchache uliopita akanyoosha mkono ule ule, akaikamata hatamu ya farasi dume mwenye hasira, akamwambia basi, yamekwisha, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Kaptein alipuliza pua mara kadhaa akatulia.

Turubai liliendelea kupigapiga. Steyn aliinuka akiwa na vumbi mdomoni. Alimwendea Évariste, akaichukua hatamu, akamshika mkono akautikisa muda mrefu.

Mpimaji alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya jua. Alimwendea Mwatumu, akamwambia kwamba hakuna atakayemlaumu akiomba apumzike na kipimo kimaliziwe baadaye. Mwatumu alimtazama Mwinyi. Alikuwa ameloa jasho, pua zimepanuka, lakini sikio lake moja lilikuwa bado upande wake.

"Tumalize sasa," alisema Mwatumu.

Akamsimamisha. Aliinama mwenyewe, akateremsha mkono mguuni, na Mwinyi akauinua. Mguu wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma, akazunguka, wa nyuma wa kulia, wa mbele. Farasi yule ambaye kila mtu alikuwa akisema habari zake alisimama kama aliyechongwa. Daktari aligusa shingo yake, akamtazama meno, na Mwinyi akamwacha amtazame. Kisha yule mama akawageukia watu akasema kwa sauti kwamba kwa miaka yote aliyopima farasi hajaona dume aliyetulia namna hii mwenzake akimjia kwa vita, na kwamba dume huyu amekubaliwa.

Makofi yalianzia upande wa Wasotho, kisha yakazunguka uzio wote. Akina mama wa magwinya walipiga vigelegele. Mwatumu alimtafuta Nassir kwa macho akamwona ameshika uzio kwa mikono yote miwili, kofia imeanguka, machozi yanamtiririka mbele ya watu wala hajali. Hapo ndipo yeye mwenyewe alipoegemeza uso wake kwenye shingo ya Mwinyi iliyoloa ili watu wasione machozi yake.

Walipotoka langoni Tau Mokoena alikuwa amesimama anawangoja. Alivua kofia akamwambia Mwatumu kwamba yule jike wake wa kijivu angependa awe wa kwanza. Nyuma yake alisimama mtu mwingine, na nyuma ya huyo wengine. Mmoja alikuwa kati ya wale waliocheka ukumbini. Mwatumu alimtambua, na yeye alijua ametambuliwa. Mwatumu akamwambia karibu, atampa siku kama wengine.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, walipelekwa ukumbini kupigwa picha. Kuta zilijaa picha za madume wa zamani, tangu enzi za kofia za chuma na sharubu, na chini ya kila moja limeandikwa jina la farasi na la mwenye farasi. Évariste alitembea ukuta mzima akitazama. Katika kila picha kulikuwa na mtu mweusi ameshika kamba, na hakuna aliyeandikwa jina. Mwatumu alipoulizwa kitakachoandikwa chini ya picha yao, alitaja majina matatu, na la Évariste akalitamka herufi moja moja, pamoja na kile kialama chake cha juu, asije mtu akakisahau.

Msimu ule Rietpan ilikuja kwao. Magari ya kuvuta farasi yalipanga foleni kwenye njia ya vumbi, na kazi yenyewe ilikwenda vizuri, Évariste kwenye hatamu ya ngozi, mkono haushiki bega tena. Taabu ilikuwa simu. Watu walipiga wakiuliza mambo ya kupandana bila kificho, na Mwatumu, mtoto wa mwalimu wa madrasa, alishindwa kuyajibu kwa wanaume wasiomhusu. Nassir akaichukua simu ile. Kwa kuwa naye alikuwa na haya zake, alibuni lugha yake mwenyewe. Aliwaambia wateja kwamba bwana harusi yupo, ana afya, ila leo anapumzika, na biharusi aletwe Alhamisi akiwa tayari. Waswahili wa Yeoville walikuja Hillbrow kukarabati friji ambazo hazikuharibika ili wamsikilize tu. Nassir alikuwa akiwaambia kwamba dunia imegeuka, siku hizi wenye binti ndio wanaopeleka posa.

Wa kwanza kuzaa alikuwa jike wa kijivu, mwishoni mwa baridi iliyofuata, mchana kweupe, wakati Mwatumu anaandaa matuta ya kunde. Mokoena alikuja mbio kwa miguu, hakungoja hata kufunga mkokoteni. Walipofika mtoto alikuwa ameshasimama kwenye miguu mirefu isiyojua inakokwenda, jike, rangi ya halua, baka jeupe kwenye paji. Alianguka, akainuka, akaanguka, kisha akalipata ziwa. Mokoena alipiga magoti kwenye majani makavu akacheka peke yake. Mwatumu alisoma Alhamdulillahi mara kwa mara, mpaka Évariste, ambaye ni mtu wa Pentekoste, akajikuta anaitikia.

Wengine wakafuata, shamba baada ya shamba. Na walikuwa watoto wazuri, wenye kifua, miguu iliyonyooka, na tabia ya kumsogelea mtu badala ya kumkimbia. Watu walianza kusema kwa kutazama tu, yule ni wa Mwinyi.

Siku chache kabla ya siku ya madume ya pili, gari la Kobus Steyn liliingia kwenye njia ya vumbi. Nyuma lilivuta kigari chenye farasi. Steyn alishuka, akasimama kando ya gari akizungushazungusha kofia yake mikononi. Aliyeshuka upande wa pili alikuwa Évariste, ambaye asubuhi ile alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda mahali bila kusema ni wapi, na alikuwa amevaa tai.

Alitembea mpaka kwa Mwatumu na Nassir waliokuwa wamekaa kibarazani, akakohoa kidogo. Akasema ametumwa. Mzee Steyn ana majike wengi, lakini karibu wote ni mabinti wa Kaptein, na binti hawezi kurudi kwa baba. Anahitaji damu mpya. Amefikiri sana, ameona hakuna pengine pa kwenda, lakini hajui aanzie wapi baada ya maneno aliyoyasema mkutanoni. Basi akamwomba yeye amsemee.

Nassir alimgeukia mkewe, macho yakimcheka. "Amekuja na mshenga," alisema. "Mzungu amejifunza adabu."

Mwatumu hakucheka bado. Aliinuka, akajifunga mtandio vizuri, akamfuata Steyn garini. Wakatazamana. Steyn akasema kwa Kiingereza, kwa ufupi, kwamba alikosea kuhusu farasi, na alikosea kuhusu yeye. Mwatumu alimpa mkono. Kisha akazunguka nyuma ya gari, akachungulia ndani kwa jike mweusi mwenye macho makubwa aliyekuwa akinusa hewa, akampapasa pua.

Kule mwisho wa shamba Mwinyi alikuwa ameshamsikia. Alikuja kwa mbio ndefu kando ya safu za mchicha, mkia juu, mbuzi akimfuata nyuma kwa taabu, akasimama kwenye uzio akalia mara moja, sauti nzito iliyokwenda mpaka kwa Mokoena, na majike wake wakaijibu.

"Mshusheni biharusi," Mwatumu alisema. "Apewe maji kwanza. Mgeni Steyn, wewe njoo ukae, chai ipo jikoni."

Na Évariste akaenda kuitoa hatamu ya ngozi msumarini.